Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kutembelea Ufuo Tulivu wa Wangwa Kando ya Vinamasi vya Chumvi

Haya ni maswali ambayo watu huyarudia kabla ya safari yao ya kwanza kwenda kwenye ufuo wa wangwa usiojengwa, na mengine huulizwa baada ya safari, pale jambo fulani lilipokwenda kombo. Yamepangwa kuanzia mambo ya msingi hadi hali zisizotokea kila siku. Mwenye haraka aanze na swali la 5 na la 6, kwa kuwa hayo ndiyo yanayohusu uhai wake.

## Mambo ya msingi

1. Wangwa ni nini, na kinamasi cha chumvi ni nini?

Wangwa ni maji ya chumvi yaliyotengwa na bahari kuu kwa ukanda wa mchanga, kwa visiwa vyembamba au kwa miamba, huku yakiendelea kuungana nayo kupitia mlango mmoja au milango kadhaa. Wapo wanaotumia neno hilo kwa ile ardhi tupu ya chumvi iliyo nyuma ya pwani. Katika ukurasa huu linatumika kwa maji yenyewe. Kinamasi cha chumvi ni ardhi bapa iliyo ukingoni mwa maji hayo, ambayo hufunikwa na bahari inapojaa sana na kubaki wazi inapopwa, na ambayo imeota mimea mifupi inayostahimili chumvi. Katika nchi za joto mahali kama hapo mara nyingi hushikwa na mikoko, lakini zipo pwani ambako mikoko na vinamasi hukaa jirani.

Mandhari hii hupatikana katika mabara mengi. Ria Formosa, kusini mwa Ureno, ni wangwa uliokingwa na mlolongo wa visiwa vya mchanga. Langebaan, nchini Afrika Kusini, hauingiwi na mto wowote, na ndiyo maana maji yake hubaki ya bahari tangu mlangoni hadi mwisho wake. Wangwa wa Venice, nchini Italia, una eneo la takriban kilomita za mraba 550, na vinamasi vyake vimekaa karibu na mji mkubwa kwa karne nyingi. Tofauti kati ya nyangwa ni kubwa, ila mambo ya kuzingatia unapozitembelea hayapishani sana.

2. Kuna nini cha kuona mahali pasipo na hoteli, mgahawa wala kiti cha kukodi?

Kuna mengi, lakini hayaonekani kwa mtu anayepita haraka. Chuchumaa ukingoni mwa kinamasi uutazame mmea wa Salicornia: hauna majani ya kuonekana kwa urahisi, bali vijiti vya kijani vilivyonenepa na kugawanyika pingili kwa pingili kama shanga. Unene huo ni maji uliyojiwekea ili kuizimua chumvi ndani ya chembe zake, na msimu wake unapokaribia kwisha hugeuka mwekundu, hata uwanda mzima ukaonekana kama zulia. Jirani yake huenda ukakuta nyasi za Spartina, ambazo zenyewe huitoa chumvi nje kupitia vitundu vidogo vya majani. Siku isiyo na mvua, pitisha kidole juu ya jani moja nawe utahisi ukali wa punje za chumvi hiyo. Ukililaza jani kuelekea jua, utaziona ziking'aa.

Tazama pia jinsi mimea ilivyojipanga. Inayovumilia kuzama mara mbili kwa siku hukaa chini karibu na maji, na isiyovumilia hukaa juu, kiasi kwamba tofauti ya sentimita chache za kimo hubadilisha aina ya mmea unaoukanyaga. Mtu akiisha kuujua mpangilio huo, huweza kusoma kwa macho tu ni wapi maji hufika kila siku na ni wapi hufika mara chache kwa mwezi, na ujuzi huo utamfaa katika swali la 6.

3. Kwa nini panatoa harufu ya mayai yaliyooza? Je, maji ni machafu?

Mara nyingi si uchafu. Choma tope la kinamasi kwa kidole: juu ni la kahawia, na sentimita chache chini ni jeusi kabisa. Weusi huo huanza pale oksijeni inapokwisha. Bakteria wanaoishi humo hupumua kwa kutumia salfeti iliyomo katika maji ya bahari, na matokeo yake ni gesi ya haidrojeni salfaidi, ambayo pua ya binadamu huitambua hata ikiwa kidogo mno. Harufu hiyo huzidi maji yanapopwa na jua likiwa kali.

Ukosefu huo wa oksijeni una faida kubwa. Mizizi na majani yaliyofukiwa humo huoza polepole sana, hivyo kaboni iliyokuwa hewani hubaki imezikwa ardhini kwa karne nyingi mradi tope halijafukuliwa. Harufu ya kutiliwa shaka ni ile ya maji taka au ya mafuta, hasa ikiandamana na povu zito au samaki wengi waliokufa. Ukikuta hayo usiingie majini, na uwaarifu wanaosimamia eneo.

4. Ni wakati gani mzuri wa kwenda?

Kwa siku, alfajiri na saa mbili za mwisho kabla ya jua kuzama, kwa kuwa hakuna kivuli na jua la mchana huakisiwa na maji, mchanga mweupe na chumvi kwa pamoja. Kwa mwaka, inategemea unachokitafuta. Misimu ya ndege wahamao hujaza fuo hizi viumbe vilivyosafiri mbali kupita kiasi cha kuaminika: mwaka 2022 ndege mmoja wa aina ya Limosa lapponica, aliyefungwa kifaa cha kufuatilia safari, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560, kwa siku 11 bila kutua. Ndege kama huyo anapoteremka kwenye tope la wangwa, hahitaji kitu kingine isipokuwa kula na kuachwa.

Msimu wa kutaga mayai ni mzuri kwa kutazama kwa mbali, lakini ni mbaya kwa kutembea ovyo mchangani. Tazama swali la 16.

## Maji kujaa na kupwa

5. Nitajuaje saa ya maji?

Tafuta jedwali la kujaa na kupwa kwa bandari iliyo karibu zaidi, ulisome kabla ya kuondoka nyumbani. Katika pwani nyingi maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili. Kutoka kujaa hadi kujaa ni saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo saa ya jana haifai leo. Kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, maji yakapanda juu sana na kushuka chini sana. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, ambayo mwendo wake ni mdogo.

Kuna makosa matatu yanayorudiwa. La kwanza ni kusahau kwamba wangwa huchelewa. Maji lazima yapenye mlango mwembamba ndipo yasambae ndani, hivyo kupwa kwenye jedwali la bandari kunaweza kutangulia kupwa kwa wangwa kwa muda mrefu. La pili ni kudhani kwamba maji hupanda kwa mwendo mmoja. Mabaharia huyagawanya maji yanayoingia katika saa sita za kujaa kuwa sehemu kumi na mbili: saa ya kwanza huingia sehemu moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Maana yake ni kwamba nusu ya maji yote huingia katika saa mbili za katikati, baada ya mtu kukaa saa mbili akijiambia kwamba bado yako mbali. La tatu ni la kusoma saa: majedwali huandikwa kwa mtindo wa saa 24, na 14:00 ni saa nane mchana. Nimewaona watu wazima, wenye akili zao, wakifika ufuoni saa sita mbali na ile waliyoikusudia.

6. Je, naweza kukatiza kinamasi kwa miguu ili nifike ufuoni haraka?

Usifanye hivyo, isipokuwa pana njia iliyowekwa au unaongozwa na mtu anayepajua. Sababu ya kwanza ni usalama. Kinamasi hakifuriki kama ufuo wa kawaida, ambako wimbi huja mbele yako nawe ukarudi nyuma. Kimekatwa na mifereji ya asili inayopinda kila upande, na maji yanapoanza kujaa huingia kwanza ndani ya mifereji hiyo. Unaweza kuwa umesimama pakavu, ukitazama bahari iliyo mbele yako ambayo bado iko mbali, kumbe mfereji ulioruka kwa hatua moja saa moja iliyopita sasa umejaa kifuani nyuma yako.

Hilo liliwahi kunipata. Nilikuwa nimeinama kwenye mmea mmoja kwa muda mrefu, na kilichonishtua hakikuwa maji yenyewe bali sauti: mlio mdogo wa kuchemka uliotoka kila mahali, wa mapovu ya hewa yakitoka kwenye matundu ya kaa maji yalipoingia. Nilirudi kwa njia ileile niliyojia, nikapita mfereji wa mwisho maji yakiwa mapajani. Tangu siku hiyo naanza kurudi maji yakiwa bado yanapwa, hata kama mbele kuna kitu kizuri.

Sababu ya pili ni mimea. Kinamasi kikikanyagwa tena na tena, mizizi inayoshika tope hufa, njia hugeuka mfereji, na mfereji hupanuka kila bamvua. Pita juu ya mchanga mgumu au kwenye njia iliyopo, hata kama ni ndefu mara mbili.

7. Nimekwama topeni. Nifanye nini?

Acha kuvuta mguu mmoja kwa nguvu, kwa kuwa uzito wote huhamia kwenye mguu mwingine nao ukazama zaidi. Vua mzigo, keti au ujilaze chali kidogo ili uzito wako usambae, kisha tikisa mguu polepole mbele na nyuma mpaka maji yaingie kandokando yake na kuilegeza ile nguvu inayounyonya. Ukiisha kuutoa, tambaa kuelekea ulikotoka, kwa sababu huko unajua ardhi ilikubeba. Kiatu kikibaki, kiache.

Ikiwa maji yanajaa nawe hujatoka ndani ya dakika chache, piga simu ya dharura mara moja. Wenzako wasikukimbilie kwa miguu. Wakurushie kamba, nguo au ubao wa kulalia.

8. Pwani ninayokwenda haina kupwa na kujaa kwa kuonekana. Je, bado nijali?

Ndiyo, ila kwa namna nyingine. Katika sehemu kubwa ya bahari ya Mediteranea, kwa mfano, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa haifiki nusu mita, na kinachoyasukuma maji ni upepo na mgandamizo wa hewa. Upepo ukivuma siku nzima kuelekea pwani, wangwa hupanda bila kufuata jedwali lolote, na ufuo mwembamba huweza kutoweka. Hapo soma utabiri wa upepo kama wengine wanavyosoma jedwali la maji.

## Kuogelea na vyombo

9. Je, ni salama kuogelea katika wangwa?

Ndani, mbali na mlango, maji kwa kawaida ni matulivu, ya uvuguvugu na ya kina kifupi, na hapo ndipo pa kuogelea. Mlangoni si mahali pa kuogelea hata kidogo, kwa kuwa maji yote ya wangwa hutoka kupitia nafasi hiyo yanapopwa na mkondo wake humshinda muogeleaji hodari. Ukichukuliwa, usipambane nao. Elea, punga mkono, na uogelee kwa upande mpaka utoke kwenye mkondo. Kumbuka kwamba katika ufuo usiojengwa hakuna mwokoaji, wala bendera, wala boya.

Baada ya mvua kubwa subiri siku mbili au tatu, maana mvua huosha mashamba na makazi na kuyaleta yote wangwani, ambako maji hubadilika polepole kuliko bahari ya wazi. Mwenye kidonda kibichi asiingie kabisa maji yakiwa ya joto: wamo bakteria wa jamii ya Vibrio wanaopenda maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na maambukizi yao huweza kuwa makali, hasa kwa mwenye ugonjwa wa ini au kinga dhaifu.

10. Mbona kidimbwi kimoja ni cha rangi ya waridi?

Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Kidimbwi kilichokatika na wangwa hukauka polepole na chumvi yake huzidi mara kadhaa, mpaka wakabaki viumbe wachache tu wanaoweza kuishi humo, mmojawapo akiwa mwani mdogo sana uitwao Dunaliella salina. Mwani huo hujikinga na jua kwa rangi ya jamii ileile inayoifanya karoti kuwa ya machungwa. Vijidudu vya Artemia, vya jamii ya uduvi, hula mwani, na heroe huvila vyote viwili, na ndiko wekundu wa manyoya yake unakotoka. Usioge humo: maji hayo huwasha macho na kila mchubuko, na ukoko wa chumvi juu yake huweza kuficha tope laini.

11. Nikichomwa na taa (samaki bapa mwenye mwiba mkiani) au konyeza (kiumbe laini cha baharini kinachowasha)?

Taa hulala kwenye mchanga penye maji mafupi. Tembea kwa kuburura miguu bila kuinyanyua, naye atahisi mtikisiko na kuondoka. Akikuchoma, toka majini na uzamishe sehemu hiyo katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia, yasiyozidi nyuzi 45 hivi, kwa nusu saa au zaidi, kwani joto hupunguza maumivu; kisha nenda hospitali, kwa sababu kipande cha mwiba huweza kubaki ndani. Jeraha likiwa kifuani, tumboni au shingoni na mwiba umebaki, usiung'oe.

Kwa konyeza, suuza kwa maji ya bahari, si maji baridi yasiyo na chumvi, wala usisugue. Mtu akishindwa kupumua vizuri au akivimba uso, hiyo ni dharura bila kujali ni kiumbe gani kilichomchoma.

12. Naweza kuja na mtumbwi au kayaki?

Mara nyingi ndiyo, na ni njia bora ya kuona kinamasi bila kukikanyaga, mradi uingie maji yakijaa na utoke kabla hayajapwa. Anayechelewa hukaa juu ya tope saa nyingi. Usiingie kwenye mifereji myembamba wakati wa kutaga, kwa sababu humo ndege hawana pa kukimbilia. Chombo chenye injini ni jambo lingine: mawimbi yake humomonyoa kingo na rafadha hukata nyasi za baharini, ambazo huchukua miaka kuziba mstari mmoja.

## Maandalizi

13. Nibebe nini?

Beba maji ya kunywa zaidi ya unavyodhani, kofia pana, nguo ya mikono mirefu, viatu vinavyofungwa vizuri mguuni, kipenga, simu yenye chaji ndani ya mfuko usiopenya maji, dawa ya huduma ya kwanza na mfuko wa takataka. Mwambie mtu aliye nyumbani unakwenda wapi na unarudi saa ngapi. Kama una darubini, ichukue. Bila hiyo utajikuta ukisogea karibu na ndege kupita inavyofaa.

Miavuli mikubwa, spika na meza za kukunja ziache. Hilo ni shauri langu tu, lakini kitu kimoja ambacho ufuo wa aina hii unacho na mwingine hauna ni ukimya wake, na hauwezi kugawanywa: mmoja akiuvunja, wote wameukosa.

14. Mbu na usubi ni wengi kiasi gani?

Ni wengi magharibi, alfajiri na siku zisizo na upepo. Baadhi ya mbu wa vinamasi hutaga kwenye tope lenye unyevu, na mayai yao huanguliwa bamvua inapoyafunika, kwa hiyo siku kadhaa baada ya bamvua huwa mbaya zaidi. Kaa upande wa ufuo unaopigwa na upepo na uvae nguo ndefu. Dawa ya kupaka ioshwe kabla ya kuingia majini.

15. Hakuna choo. Nifanyeje?

Malizia haja kabla ya kufika. Ikilazimu, nenda angalau mita 60 kutoka kwenye maji, juu ya mstari ambao bamvua hufika, na uchimbe shimo la sentimita 15 hadi 20. Karatasi zirudi nawe ndani ya mfuko uliofungwa. Usitumie kinamasi kamwe, kwa kuwa kila ulichoacha huko kitaelea baada ya saa chache. Mahali ambapo ukanda wa mchanga ni mwembamba kiasi kwamba huwezi kupata umbali huo, beba mifuko maalumu na uondoke na kila kitu.

## Ndege, mimea na vitu vya ufuoni

16. Nisimame umbali gani kutoka kwa ndege?

Hakuna kipimo kimoja, bali ndege mwenyewe hukuambia. Wakiacha kula na kuinua vichwa, umefika mwisho. Wakianza kutembea kukuacha, au mmoja akilia mfululizo, umepita mwisho na inafaa urudi nyuma. Ukiona ndege mdogo akiburuta bawa mchangani kana kwamba limevunjika, hajaumia: anakuvuta umfuate yeye ili uache kiota. Simama hapohapo, tazama miguuni pako, kisha rudi kwa kukanyaga nyayo zako mwenyewe.

Kiota chenyewe si kitu cha kuonekana kwa urahisi. Ni kishimo kifupi kwenye mchanga ulio juu ya mstari wa maji, labda kimezungushiwa vipande vya kombe, na ndani yake mna mayai mawili au matatu yenye rangi ya mchanga na madoa meusi. Mtu anaweza kuweka taulo juu yake asijue. Mzazi akiondoka kwa sababu yako katika jua kali, mayai huweza kuharibika kwa joto ndani ya dakika chache, na ndiyo sababu kupiga picha ya kiota ni ukatili hata pale inapofanywa kwa mapenzi.

Kuwa mwangalifu pia maji yanapojaa kabisa, tope likiwa limefunikwa na ndege wamejikusanya wote kwenye kipande kidogo cha mchanga. Hapo wanapumzika wakisubiri maji yapwe wapate kula. Ukiwarusha mara tatu, wametumia nguvu waliyoihitaji kwa safari.

17. Naweza kuja na mbwa?

Katika msimu wa kutaga, hapana, hata pale sheria inaporuhusu. Kwa ndege wa ufuoni mbwa aliyefungwa kamba bado ni mnyama mwindaji. Nje ya msimu huo, mbwa awe na kamba na asiingie kinamasini.

18. Je, ni vibaya kuokota makombe, kuchuma mimea au kuchukua chumvi?

Kombe moja la ukumbusho halitaangamiza ufuo, lakini lichunguze kwanza, maana kaa wadogo huishi ndani ya makombe matupu na hukosa makazi yanapopungua. Mimea iache. Baadhi ya watu hula Salicornia, nami naelewa hamu ya kuionja, ila maeneo mengi ya hifadhi hukataza uchumaji, na mimea ya kinamasi hunyonya metali nzito iwapo zimo topeni. Chumvi ya vidimbwi vya asili nayo haijasafishwa wala kupimwa.

19. Kwa nini hakuna anayesafisha ule mwani na majani makavu?

Kwa sababu si takataka. Ule ukanda wa majani ya nyasi za baharini hufunika mchanga usipeperushwe, huvunja nguvu ya mawimbi ya dhoruba, na chini yake kuna maelfu ya vijidudu ambavyo ndege hula. Ufuo uliochanwa kwa mashine ukawa mweupe kabisa huwa na njaa. Ondoa plastiki, kamba na nyuzi za kuvulia kwa mkono, na majani yaache.

## Hali za pekee

20. Naweza kufika na gari mpaka kwenye mchanga?

Hapana. Alama za magurudumu katika kinamasi hubaki miaka mingi, kwa kuwa tope lililogandamizwa hushikilia maji na mmea hauoti tena. Juu ya matuta ya mchanga gari hukata nyasi zinazoyashika, na upepo huanza kula pale zilipokatika. Zaidi ya hayo, mchanga wa kando ya wangwa huonekana mgumu juu na kuwa laini chini, na gari lililokwama halisubiriwi na bamvua.

21. Na droni?

Ndege wengi huichukulia kama mwewe. Kundi linaloatamia likiinuka kwa pamoja huacha mayai wazi kwa shakwe, na hasara iliyoelezwa katika swali la 16 hutokea kwa viota mia badala ya kimoja. Usiirushe juu ya kinamasi wala juu ya visiwa vya mchanga.

22. Je, ninaweza kulala huko na kuwasha moto?

Kama sheria za mahali zinaruhusu, piga kambi juu ya mstari wa takataka wa bamvua, si juu ya mstari wa jana, na usipande juu ya matuta. Moto usiwashe. Magogo yaliyoletwa na maji ni makazi ya viumbe, na nyasi kavu za matuta hushika moto haraka mno penye upepo. Ikiwa kasa hutaga katika ufuo huo, taa nyeupe nayo izimwe, kwa kuwa vitoto vyao hufuata mwanga vikidhani ni bahari.

23. Nani anayelinda maeneo haya, na nitajuaje sheria zake?

Mengi yako chini ya hifadhi za taifa au za mikoa, na mengine yameorodheshwa katika Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, uliotiwa saini tarehe 2 Februari 1971 katika mji wa Ramsar, Iran. Tarehe hiyo ndiyo Siku ya Ardhioevu Duniani. Kuorodheshwa hakuleti mlinzi wala uzio. Kila nchi huweka sheria zake. Soma kibao cha mlangoni, na kama hakuna kibao, uliza ofisi ya serikali inayohusika na mazingira kabla ya kwenda. Kukosekana kwa kibao si ruhusa.

24. Nimepapenda mno. Je, niweke ramani ya mahali mtandaoni?

Ningekuomba usiweke. Ufuo usio na choo, maegesho wala njia iliyojengwa unaweza kuwahimili wageni wachache wanaojua wanakokwenda, na hauwezi kuwahimili mia tano wa mwisho wa juma mmoja. Simulia ulichokiona na onyesha picha ya mmea au ya anga. Anayetaka kweli kwenda atakuuliza, nawe utapata nafasi ya kumweleza habari za maji kabla ya kumwonyesha njia.

25. Nimekuta kifaranga peke yake mchangani. Nimchukue?

Usimguse. Vifaranga wa ndege wa ufuoni huanza kutembea saa chache baada ya kuanguliwa, na wanapohisi hatari hulala kifudifudi wasitikisike hata ukiwa hatua moja nao. Mzazi wake yuko karibu, labda ndiye unayemsikia akilia, na hatarudi mpaka uondoke. Rudi nyuma polepole mpaka usiweze tena kumtofautisha na mchanga, ukae chini, na usubiri. Kwa kawaida haichukui muda mrefu: mzazi hukimbia kidogo, husimama, hukimbia tena, kisha hujitanda chini, na kile kifaranga huinuka na kuingia chini ya bawa lake.